Bustani ya maweni: kumbukumbu ya mwaka mmoja wa pepo

Daftari la bustani hii naliandika kwa pepo zinazovuma, si kwa miezi. Niko Makunduchi, kusini mwa Unguja, na huku ardhi ni maweni: jiwe la matumbawe lililojaa matundu, na udongo mwekundu umekaa ndani ya hayo matundu tu. Tuta halilimiki. Unapanda shimo kwa shimo, na kila shimo lina tabia yake. Udongo ni mchache, maji hayakai, na mvua ikikata kidogo tu mmea unaanza kunyong'onyea. Kwa hiyo ninachohitaji kujua kila asubuhi ni upepo unatoka wapi na umebeba nini. Na kinachopikwa jikoni kwangu kinafuata hapohapo.

Masika

Kazi kubwa ya msimu huu ni mwani. Pwani yetu imekuwa ikilima mwani wa kuuza tangu 1989, na kina mama wa mwani wanajua kwamba ule unaokatika kwenye kamba na kusukumwa ufukweni, ukishachanganyika na mchanga na majani ya bahari, hauna mnunuzi. Mimi ndio ninaoutaka. Naubeba kwa pakacha na kuutandaza juu ya jiwe tupu, mvua za mwanzo ziupige na kuusuuza. Kipimo changu ni ulimi: nikiulamba nikakosa chumvi, uko tayari kuingia shimoni.

Chini kabisa ya shimo naweka makumbi ya nazi, uwazi wake ukitazama juu ili yashike maji. Juu yake mwani, kisha udongo na majani makavu ya mgomba. Tangu nianze kufanya hivi, mashimo yangu yanabaki na unyevu hata jua likiwaka siku kadhaa mfululizo. Kwa mtu wa maweni hili ni jambo kubwa sana, na ningependa kila mwenye ua huku alijaribu.

Bi mkubwa jirani yangu alipita akaniona nimeshika mbegu za manjano mkononi, ndiyo kwanza mawingu yameanza kujikusanya.

"Mwanangu, mvua ya kwanza usiiamini. Chimba kwa kidole. Ukikuta ukavu, rudi nyumbani."

Nilirudi nyumbani. Baada ya mvua kukolea nikapanda manjano na tangawizi kwenye mashimo yenye kina, upande wa kivuli cha migomba. Mchaichai niliugawa kutoka shina la zamani. Mlonge ni vijiti tu, unakata tawi nene na kulisimika. Mrehani na kivumbasi hupenda pembezoni, na kivumbasi nimekiweka karibu na dirisha la chumbani kwa sababu ya mbu.

Chakula cha masika ambacho sikukipanda ni mchunga. Unajiotea wenyewe kwenye nyufa za jiwe, na majani machanga ndiyo mazuri. Wengi huuchemsha na kumwaga maji mara mbili, hata tatu, mpaka uchungu wote uishe. Kwangu mara moja inatosha. Kisha tui zito, kitunguu, pilipili na ndimu mwishoni. Ule uchungu unaobaki ndio mchunga wenyewe. Ukiuondoa wote, bora upike mchicha.

Kipupwe

Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, limeshika. Hewa ni kavu na usiku una baridi, ila mvua nyepesi za mchoo hupita mara mojamoja. Upande huu wa kisiwa kusi linatupiga usoni na linakuja na chumvi ya bahari, unaiona kwenye ncha za majani zikiungua. Dawa ni ua wa makuti upande wa kusini-mashariki, uliosukwa si mzito sana. Ua uliozibwa kabisa upepo unauangusha; ule wenye upenyo unaupunguza upepo nguvu na unabaki umesimama.

Lakini upepo huohuo ndio fundi wangu wa kukaushia majani. Nimekata mlonge na mchaichai na kuyatandaza juu ya jamvi barazani, kivulini, upepo ukipita juu na chini. Majani ya mlonge yakianikwa juani yanageuka rangi na kupoteza sehemu ya ubora wake. Kivulini yanabaki kijani, na ukiyafikicha kwa vidole yanasagika. Unga wake nautia kwenye uji na kwenye mchuzi wa samaki, kijiko kidogo, na moto ukiwa umeshazimwa. Mchaichai naukata vipande vifupi kabla ya kukausha, maana ukishakauka mzima ni shida kuukata. Chai yake usiku wa kipupwe, na kipande cha tangawizi kavu, haihitaji kitu kingine.

Ukwaju nao umeiva wakati huu. Naumenya, naukanda na chumvi kidogo, nauhifadhi kwenye chupa kwa ajili ya sharubati na mchuzi.

Mwezi wa Julai ni Mwaka Kogwa hapa kwetu, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Watu wengi huja kuwatazama wanaume wakipigana kwa migomba na kile kibanda kikichomwa moto, lakini kwa mkulima siku hii ni mwanzo wa hesabu. Wazee walihesabu siku 365 kwa makumi, kila kumi ni mwongo, miongo 36 na siku tano za kubaki. Hesabu hii haina mwaka mrefu, kwa hiyo husogea siku moja kila miaka minne ukiilinganisha na kalenda ya ukutani. Bi mkubwa bado anaitumia. Akisema kitu hupandwa mwongo fulani, nami naandika pembeni tarehe ya kawaida na upepo wa siku hiyo. Nataka hesabu hiyo ikae kwenye karatasi yeye akiwepo kunisahihisha.

Vuli

Mvua chache, na kila wingu lina ubaguzi wake: kwa jirani inanyesha, kwangu vumbi. Nimepanda vya haraka tu, mchicha na kunde za majani. Kunde nazichuma changa, zinapikwa kwa nazi. Basi.

Kaskazi

Jua kali, bahari imetulia upande wetu, maembe kila mahali. Majani ya manjano yamekauka na kulala, na hiyo ndiyo ishara ya kuchimba. Nimechemsha mizizi mpaka kijiti kinapenya bila kulazimisha, nikaikata vipande vyembamba na kuianika juu ya jamvi. Hapa sasa jua linatakiwa, tena jua hili lisilo na huruma. Upepo wa kipupwe usingeweza kazi hii. Kisha kinu. Harufu yake iko karibu na udongo mbichi kuliko ile ya manjano ya dukani, na mikono yangu bado haijatoka rangi.

Manjano hayo ya kwanza yameingia kwenye achari ya maembe mabichi: vipande vilivyolala na chumvi, vikapigwa jua mpaka vikasinyaa, kisha pilipili, kitunguu thaumu, siki na sukari. Nimempelekea bi mkubwa chupa. Ameonja, akasema chumvi imezidi kidogo lakini jua limefanya kazi yake.

Mizizi minene ya manjano nimeitenga kwa mbegu, iko kwenye mchanga mkavu kivulini. Mashimo mapya matatu yamechimbwa nyuma ya jiko na makumbi yameshawekwa. Ua wa makuti utasukwa upya kabla kusi halijarudi, na safari hii nauongeza urefu hadi kwenye milonge.