Siku yangu na kina dada wa Mtwara, msimu wa korosho

Saa mbili asubuhi. Nipo kituo cha afya. Niliwahi kuuza mwili. Leo ni mwelimishaji rika wa kina dada wanaouza mwili. Nachukua kondomu, vipimo vya kujipima VVU na orodha ya wanaotakiwa kuongezewa vidonge vya PrEP, vya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe. Vyote bure. Mtu akiniambia dada hawa wanaambukizwa kwa kutojua, namkatalia. Wanajua kuliko wengi.

Saa nne. Magomeni, chumba cha kupanga. Mwenyeji wangu ana watoto wawili na mkopo wa kausha damu. Alikopa alipe kodi, akakopa tena alipe mkopo wa kwanza, na marejesho ni kila siku. Juzi mteja alitaka kavu, akapandisha dau mara mbili. "Dada, ile nyongeza ndiyo ilikuwa marejesho." Hapo somo la kondomu halina kazi. Tuna kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nimemwombea nafasi. Na PrEP akiimeza kila siku itamkinga na VVU hata mteja akikataa mpira, ingawa haizuii mimba, kaswende wala kisonono.

Tatizo ni hiyo kila siku. Vidonge anavificha ndani ya ndoo ya nguo, maana bwana wake akiona kopo atasema ni ARV, dawa za wenye VVU, na ana mkono mwepesi. Bwana akilala pale, dozi inaruka. Kondomu kwa bwana haitajwi kabisa. Hiyo ni ya wateja. Hatari ya nyumbani wanaoizungumzia ni wachache, nami naiogopa kuliko ya gesti.

Saa nane. Chakula, kisha daftari la ripoti.

Saa kumi na mbili jioni. Grosari jirani na stendi ya Mkanaledi. Malori ya korosho, vibarua wa maghala, wakulima waliokwisha kulipwa. Wengi hudhani msimu humpa mwanamke nguvu ya kuchagua. Pesa ipo kweli, lakini wasichana nao wameshuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, na kila mmoja anajua akikataa yeye, wa meza ya pili atakubali. Pombe ikizidi, makubaliano ya mwanzo yanasahaulika. Msimu ukiisha ni njaa, bei inaanguka, na anayesema hapana analala bila kula. Nagawa kondomu, naandika namba za wanaotaka kupima.

Saa tano usiku. Simu. Mdogo wangu mmoja amelazimishwa bila kondomu, na hakulipwa. Kwenda polisi hataki: ataulizwa alikuwa akifanya kazi gani. Namwambia dawa ya PEP, ya kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo, lazima ianzwe ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyomkinga zaidi, kwa hiyo hatungoji kesho. Hospitali ya rufaa ina zamu ya usiku. Nampigia bodaboda ninayemwamini, nauli nitatoa mimi, nami natangulia kumpokea mlangoni ili asijieleze peke yake.