Nilivyomrudishia Kermit macho yake

Nilimpata soko la Memorial, Moshi, kwenye fungu la midoli ya mitumba iliyomwagwa juu ya turubai. Shilingi 3,000, baada ya kubembeleza sana. Kermit, yule chura wa kikaragosi wa The Muppets kwenye televisheni, huyu akiwa wa vinili, yaani plastiki laini, kimo cha kiganja, kichwa kikubwa, kiwiliwili kidogo, miguu imefupishwa kama wabunifu wa sanamu hizi wanavyopenda. Njia nzima ya kurudi Arusha nilimpakata. Nilipomweka mezani saluni, kati ya chupa zangu za rangi za kucha, furaha ikaingia doa. Nilikaa mbele yake, nikahamia kushoto, nikahamia kulia. Popote nilipokaa, hakuwa ananiangalia.

Wakusanyaji wa sanamu hizi tuko wachache hapa Arusha na tunajuana. Jumapili tukikutana kila mtu huja na sanamu zake kwenye mfuko, na hakuna kuoneana haya. Kaka mmoja anayeuza vipuri vya simu alimshika Kermit wangu akamgeuzageuza. "Dada, huyu chura wamemkosea. Kermit ana shingo, ana mikono mirefu kama kamba. Hili ni boga lenye macho." Dada mwingine akamkatalia: mchongaji ana haki ya kupunguza na kuongeza, na anayetaka miguu mirefu akatafute wa kitambaa. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa upande wa dada, na bado niko huko. Kichwa kikubwa sikuwa na ugomvi nacho. Kilichoniuma ni macho, na siku ile nilishindwa kueleza kwa nini.

Jibu lilinijia nilipomfikiria Kermit mwenyewe. Jim Henson, Mmarekani aliyeanzisha The Muppets, alimtengeneza mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake, macho akayafanya kwa mpira wa pingipongi uliokatwa nusu kwa nusu. Yule wa kwanza amehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Kichwa chake ni kitambaa laini, ndani yake mna mkono wa mtu. Vidole vikikunjwa, uso unakunjamana, vikinyooka, anashangaa. Kermit ana nyuso nyingi kadiri mkono unavyoweza.

Sasa vinili. Rojo lake humiminwa kwenye kalibu ya chuma, kalibu inapashwa moto huku inazungushwa, rojo linaganda kwenye kuta, na kinachotoka ni ganda lenye uwazi ndani. Mkono umeshatoka. Umebaki uso mmoja, basi, hautabadilika tena. Ndiyo maana nasema mtu anayechora macho ya sanamu kama hii amebeba mzigo mkubwa kuliko aliyechonga kichwa. Don Sahlin, fundi aliyejenga vikaragosi vingi vya Henson, alijali sana pembetatu ya macho mawili na pua, kwa sababu macho yakikaa sawasawa kikaragosi kinaonekana kumtazama mtu. Kwa Kermit, mboni zimesogea kidogo ndani, kuelekeana, na kila mboni ni doa jeusi lenye mchirizi wa mlalo unaotokeza pande zote mbili. Za kwangu zilikuwa madoa matupu, tena yamewekwa katikati kabisa ya jicho. Jicho moja linatazama Sakina, jingine linatazama Njiro.

Nikaamua kuyarekebisha, ila sikugusa rangi kwanza. Nilikata vidoti vya karatasi nyeusi kwa mkasi wa kucha, nikavibandika kwa Vaseline kidogo juu ya mboni za zamani, nikawa navisogeza kwa ncha ya kijiti cha meno. Nusu milimita ndani. Nikirudi nyuma, naangalia. Nusu nyingine. Kusogea kiasi hicho kunabadilisha uso mzima: mara ana usingizi, mara amekasirika, mara kengeza. Jicho langu lilipochoka nilimwita mtoto wa kaka yangu, ana miaka sita, nikawa namuuliza kila nikisogeza: "Anamwangalia nani?" Alijibu "ukuta", akajibu "ile feni", akajibu "hata sijui". Mara ya saba au ya nane akarudi nyuma hatua moja. "Ananiangalia mimi, shangazi." Nikaweka alama hapo hapo kwa penseli.

Rangi ya kucha ninayo ya kila namna, lakini nilishaijaribu chini ya unyayo wake: baada ya siku tatu bado ilikuwa inanata, maana viyeyushi vyake vinaila vinili. Asetoni ndiyo kabisa, usiisogeze karibu. Nilinunua rangi ya akriliki, ile ya maji, nyeupe na nyeusi. Nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikamwacha akauke usiku kucha, nikafunika mboni za zamani kwa nyeupe nyepesi mara nne, kila tabaka likisubiri la chini yake likauke. Nyeusi niliichora kwa brashi yangu nyembamba kuliko zote, ile ya maua ya bibi harusi. Mchirizi wa jicho la kushoto ulinitoka mnene kidogo. Niliuacha, kwa kuogopa kuharibu mkao.

Jumapili iliyofuata kaka wa vipuri alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Umeshamuua bei, dada. Aliyepakwa upya hana soko." Ni kweli, na sanamu iliyo bado kwenye boksi lake nisingeithubutia brashi. Lakini huyu alitoka kwenye turubai la Memorial, tayari hana boksi, na sikumnunua nimuuze. Dada yule alimchukua, akamweka ukingoni mwa meza, akahama viti viwili. Akachekelea kabisa.

Kaka aliendelea kulalamikia shingo. Ila alipokuwa anakusanya vitu vyake alinionyesha Gonzo wake, kikaragosi mwingine wa The Muppets, akamsimamisha karibu na Kermit wangu, akainama hadi kidevu kikagusa meza. Aliwatazama wote wawili kwa muda mrefu.

"Vile vidoti," akauliza, "ulikata vya ukubwa gani?"