Vitambaa vya bibi na kisima cha Brigida

Bibi yangu alikatazwa na padri kufunga vitambaa mzimuni. Padri mwenyewe Mwairishi, akamwambia huo ni ushirikina aache mara moja, na bibi akaacha, ama tuseme alianza kwenda usiku.

Sasa mimi niko Ayalandi, na juzi mwenzangu wa kazini akanipeleka Liscannor, kule Clare karibu na majabali ya Moher, nikaone kisima cha Mtakatifu Brigida. Unapita kakijia kembamba ka mawe, giza giza, maji unayasikia kabla hujayaona, na kuta zote zimejaa picha za watu, rozari, barua, kadi za marehemu zimelowa mpaka sura hazijulikani. Nilinyamaza kabisa.

Tulipotoka akanieleza kuhusu miti ya vitambaa, iko kwenye visima vingi tu, unachovya kitambaa majini unapangusa panapouma halafu unakifunga mtini, kikioza na ugonjwa umekwisha. Sasa watu wa siku hizi wanafunga polista, na hiyo haiozi ng'o, utapona lini? Pia unazunguka kisima kwa kufuata jua huku unahesabu kwa vijiwe usije ukapotea. Kuna kisima cha macho, cha meno, kule Kerry hadi cha wazimu. Na ati maji yake hata uchochee kuni vipi hayachemki, na ukikikosea adabu kisima kinahama!

Mawe ndo yalinitisha. Huko Blacklion, Cavan, kuna jiwe kubwa lina mashimo kama vinu, kila shimo na jiwe la mviringo ndani, ukitaka kumlaani mtu unayazungusha kinyumenyume, ila kama hana kosa laana inakurudia mwenyewe. Na mwaka 1884 manowari ya Waingereza, HMS Wasp, iligonga mwamba kisiwani Tory wakafa watu 52, wenyeji wakasema ni jiwe lao lilizungushwa, manake waliamini inakuja kudai kodi.

Nikampigia mama kumhadithia yote.

“Na mapadri wao wanasemaje?”

Nikamwambia kule Tobernalt, Sligo, Jumapili ya mwisho ya Julai, padri ndo anasoma misa hapohapo kisimani.

Mama kimya. Kisha akasema, “Angekuwepo bibi yako ningemwambia aende mchana.”