Mji wa bara hukua pale mzigo unapofunguliwa

Huku Mombasa tumezoea kuhesabu bara kwa kilomita: Nairobi kama 480 kwa barabara, Malaba zaidi ya 900, Kampala 1,170 hivi. Lakini umbali hauelezi kwa nini mji mmoja ulikua na jirani yake akabaki stendi ya chai na mandazi. Swali la maana ni hili: mzigo unashuka wapi, na nani anaufungua?

Chukua Nairobi. Reli ilianza kujengwa hapa kwetu mwaka 1896, ikafika pale 1899. Mji haukuwepo. Palikuwa na tambarare, maji ya mto, na mbele yake mwinuko wa Kikuyu kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Kabla ya kupanda, ilibidi mabehewa yapangwe upya, vyuma virundikwe na injini zitengenezwe. Makao makuu ya reli yakatoka Mombasa, karakana zikafuata, kisha maduka, na serikali ikaja nyuma yao. Voi nayo ina reli, tena ina makutano ya njia ya Taveta. Ila ni pakavu, na treni ikifika pale hakuna kinachoilazimisha kushusha kitu.

Kisumu ndiyo inayofundisha zaidi. Reli ilifika ziwani 1901, na kila gunia la Uganda likawa lazima lishuke kwenye behewa lipande meli. Hapo kuna kazi ya kuli, ghala, karani wa forodha, mama wa chakula. Kisha njia nyingine ikatokea Nakuru, ikafika Eldoret 1924 na Kampala 1931. Behewa la Uganda likapita juu kwa juu. Kisumu haikufa, ila ule ulazima uliondoka, na Nakuru na Eldoret zikapata sehemu ya kazi yake. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji 2021 na Eldoret 2024, lakini mizizi ni ya zamani kuliko vyeti.

Leo mwenye kuamua mzigo ufunguliwe wapi mara nyingi ni mizani. Lori la ekseli sita, yaani mihimili sita ya magurudumu, linaruhusiwa tani 50: ekseli ya usukani 8, mbili za nyuma ya kichwa 18, tatu za trela 24. Kichwa na trela tupu ni kama tani 16 hadi 18, na kontena la futi 40 lenyewe karibu tani 4. Zinabaki tani 28 au 30 za mzigo. Wengi wanakwama kwenye mizani ya Mariakani ingawa jumla haijazidi, kwa sababu vitu vizito vilipangwa mbele ya kontena na ekseli za kichwa zikavuka 18. Kontena lina sili, yaani muhuri wa kufungia, huwezi kulifungua barabarani upange upya. Dereva analala hapo, utingo naye, na tajiri anapiga simu. Dawa yake iko kwa anayepakia huko ng'ambo: mzigo mzito usambazwe sakafuni urefu wote, usirundikwe upande mmoja.

Halafu kuna kontena tupu. Kenya huagiza kuliko inavyouza nje, kwa hiyo makontena mengi yanarudi pwani yakiwa na hewa. Kampuni ya meli hutoa siku kadhaa za bure. Zikipita, faini inahesabiwa kila siku hadi kontena lirudi yadi yake, ambayo mara nyingi iko hapa Mombasa. Ndiyo maana waagizaji wengi hufungua kontena hapa hapa na kuhamishia mzigo kwenye lori la kawaida. Kila kontena linalofunguliwa Changamwe au Miritini ni kazi ya watu wetu. Likifunguliwa Embakasi kule Nairobi, ni ya watu wa Embakasi.

Hapo ndipo ugomvi wa SGR, ile reli mpya, ulipotokea. Agizo la 2019 la kupeleka mizigo ya bara kwa treni lilihamishia Nairobi ufunguaji wenyewe, pamoja na klaringi, yaani kazi ya kuutoa mzigo forodhani, na watu wakaandamana mitaani Mombasa. Septemba 2022 ikatangazwa kwamba uondoaji wa mizigo urudi huku. Waliosema wapwani wanaogopa maendeleo hawakuwa wameona yadi ya kontena ikikosa kazi. (Chai inatupa upande wa pili wa hesabu: inalimwa Kericho, Uganda na Rwanda, lakini mnada uko Mombasa, basi maghala na waonjaji pia wako hapa.)

Naivasha ndiyo ya kuangaliwa sasa. Reli mpya, ya upana wa milimita 1,435, inaishia upande ule, na ya zamani ina milimita 1,000. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Mzigo ni lazima unyanyuliwe. Lakini kreni ikihamisha kontena lililofungwa kwa dakika chache na lori likaondoka, mji haupati zaidi ya mafuta ya dizeli na sahani ya ugali. Anayetaka kununua kiwanja kule asihesabu treni. Ahesabu maghala yenye milango wazi na watu wanaopakua kwa mikono, aulize kama kuna maji ya bomba, na kama malori yanayorudi Mombasa yanapata mzigo wa kushuka nao.