Swali langu la utafiti limebadilikia Dunga

Jumamosi nilishuka ufuoni Dunga, hapa Kisumu, nikiwa na swali la utafiti wangu wa mwaka wa nne: magugu maji yanaathiri vipi maisha ya wavuvi? Swali pana kama ziwa lenyewe. Mama mmoja alikuwa anaanika omena juu ya wavu kuukuu uliotandazwa mchangani. Nikamsalimu, nikamwuliza.

"Mwanangu, magugu huja na kuondoka na upepo. Mvua ndiyo inanimaliza."

Akachota konzi moja akanipa nishike. Omena wa jana, walionyeshewa: laini, wananata vidoleni, mchanga umewaganda matumboni, harufu imeshageuka. Hao atawauzia watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Samaki waliovuliwa usiku kucha kwa mwanga wa taa! Iliniuma.

Nimeandika upya: katika msimu mmoja wa masika, kuanika kwenye kichanja kunaokoa kilo ngapi za omena kuliko kuanika chini? Hilo naweza kulipima kwa mizani. Wenzangu mnaosaka mada za mazingira, tuandamane. Jumanne narudi na daftari, na mama ameniwekea nafasi kando ya wavu wake.