Uso unapotoka mweusi: kupiga picha kwenye jua la Dodoma

Tazama picha zinazopigwa mchana Nyerere Square: anga jeupe, shati linang'aa, na mtu hana macho, ana mashimo mawili. Watu hulaumu simu. Mara nyingi kosa ni la saa, na la mahali aliposimamishwa mtu.

Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Oktoba ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mvua bado na wingu la kukinga ni la kutafuta. Hata miezi mingine, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, paji la uso huchukua mwanga wote na macho yakabaki gizani. Mwanga mzuri huanza jua linapochomoza hadi kama saa moja na nusu, kisha hurudi saa kumi na moja na nusu jioni. Wahi, maana huku jua halichelewi kuzama.

Ikibidi kupiga saa sita, tafuta baraza. Mweke mtu hatua moja ndani ya kivuli, atazame nje. Udongo mwekundu ulio juani mbele yake hurudisha mwanga machoni na chini ya kidevu, tena wenye wekundu kidogo unaopendeza kwenye ngozi zetu. Akiingia hatua tatu, mwanga huo umekwisha. Chini ya mwembe ni mtego: majani humtia madoa ya jua usoni, na kivuli chenyewe kina ukijani. Huna baraza? Manila nyeupe ya shuleni, ikishikwa usawa wa kiuno na kuelekezwa usoni, inatosha.

Halafu kuna kipimo cha mwanga, na hapa ndipo wengi hukwama. Kamera hudhani kila inachokiona kina wastani wa kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso unazama. Bonyeza kitufe chenye alama ya +/- uweke +1. Ukuta ukiungua, yaani ukitoka mweupe mtupu, uache uungue. Hakuna aliyekuja kutazama ukuta. Mtu huyohuyo mbele ya mlango wenye giza, weka −0.7. Kwenye simu, gusa uso na ushikilie hadi kipimo kijifunge, kisha buruta alama ya jua juu au chini. Usiamini skrini ukiwa juani, kwani kila picha huonekana nyeusi. Fungua histogramu, mchoro unaoonyesha giza na mwanga vimegawanyikaje kwenye picha.

Ngoma ya Wagogo inataka spidi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde au ya kasi zaidi. Mabega yale hayangoji mtu. Kwa 1/125 mikono ya wapiga ngoma hutoka kama moshi, ambayo nayo yaweza kupendeza kama umekusudia. Jioni, simama jua likiwa nyuma ya wachezaji: vumbi la miguuni huwaka kama dhahabu. Ongeza +1, la sivyo utapata vivuli vitupu.

Vumbi hilohilo ni adui wa kamera. Badilisha lenzi ndani ya gari lililofungwa vioo, kamera imezimwa, mdomo wake ukitazama chini. Ukitaka kujua kama limeingia, piga anga tupu kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo. Madoa ya kijivu yanayokaa palepale kila picha, hata ukibadili lenzi, yako kwenye sensa, sehemu ya ndani ya kamera inayopokea picha; kwa f/2.8, tundu likiwa pana, huwezi kuyaona, ndiyo maana mtu hukaa miezi bila kujua. Yapulize kwa pampu ndogo ya mpira, kamwe si kwa mdomo, maana mate hukauka na kuganda. Na kioo cha lenzi kisifutwe kwa khanga kabla ya kupulizwa: chembe za mchanga zitakikwaruza.