Jinsi nilivyomsaidia paka anayeyumba ale mwenyewe

Shida kubwa ya Pendo haikuwa kutembea, ilikuwa kula. Nilimwokota mtoto huyu wa paka kando ya mtaro, mtaa wa Umoja, Nairobi. Kila aliposogeza mdomo kwenye sahani, kichwa kilitikisika zaidi, akagonga ukingo na chakula kikamwagika. Akilala, anatulia kabisa.

Daktari wa mifugo alieleza kwamba mtetemo unaozidi mnyama anapolenga kitu ni dalili ya serebela isiyokua vizuri, ile sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo. Mara nyingi mama huwa alipata virusi vya panleukopenia, ugonjwa hatari wa paka, akiwa na mimba. Hali yenyewe haina maumivu, haiambukizi, wala haizidi kadiri paka anavyokua. Jirani aliyeshauri adungwe sindano ya kufa nilimweleza hayo yote, kwa sababu Pendo alistahili kutetewa.

Nilitafuta bakuli zito la udongo, nikaliweka juu ya tofali lililofungwa kitambaa, usawa wa kifua chake. Hapo hahitaji kuinamisha kichwa sana, na bakuli halisogei. Vigae vilikuwa vikimtelezesha, basi nikatandika mabaki ya zulia kutoka soko la Gikomba, tangu anapolala hadi chooni. Choo ni beseni refu la plastiki lenye maranda. Nilikata mlango wa chini upande mmoja, nikausugua kwa msasa. Kuta zilizobaki anaziegemea asianguke.

Tunaishi ghorofani, kwa hiyo roshani nimeiziba kwa wavu. Chanjo anapata kama paka wengine.